Jumamosi Ambayo Sikuwa Elburgon

Wiki jana kijana mmoja wa mtaa wetu, anayeandika habari za michezo kwenye mtandao, alinipigia simu. Vijana hapa huniita mathe, yaani mama. "Mathe, game ya leo uliionaje?" Nikamwambia sikuiona, nilikuwa kanisani. "Hata mimi sikuwa," akasema, "lakini story nimeshamaliza." Alikuwa ametazama vipande viwili vya video kwenye simu, akachungulia kikundi cha WhatsApp cha mashabiki, kisha akaandika maneno mia sita. Akanisomea. Yalikuwa mazuri, sitamnyima haki yake. Kulikuwa na upepo ndani yake, kulikuwa na jasho, kulikuwa na kocha aliyekuwa akiuma kucha. Nikamuuliza hizo kucha alizionea wapi. Akacheka. Mimi sikucheka, na wanaonijua wanajua kwamba huwa nacheka hata matangani.

Basi nimekaa kuwaandikia nyinyi vijana mnaoandika michezo. Naitwa Nekesa. Baba yangu alitoka magharibi akaja Nakuru kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa katika nyumba za reli, karibu na uwanja ambapo mafundi walicheza mpira kila Jumapili baada ya ibada. Nilianza kuandika michezo katika ofisi ya gazeti moja hapa mjini nikiwa msichana mwembamba, nikastaafu nikiwa mama mzito ambaye magoti yake hayataki kusikia habari za ngazi. Katikati ya hapo nimekosea mara nyingi. Niliwahi kumpa bao mchezaji aliyekuwa amekaa benchi. Niliwahi kumwita refa mmoja marehemu, naye akaja ofisini asubuhi kujionyesha. Hayo yalipita kwa kicheko. Kosa moja halikupita, na ndilo nitakalowaeleza, ingawa nitapotea njia kidogo kwa sababu ndivyo ninavyoongea.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Githinji, mhariri wetu wa michezo, mtu mfupi wa Njoro aliyevaa sweta nzito hata Januari. Siku yangu ya kwanza alininyang'anya biro akanipa penseli. "Biro ni ya ofisi," aliniambia. "Molo ikinyesha, hiyo kitu itakataa kuandika na utabaki ukiomba watu majina." Nikadhani ni mzaha wa kumpima mgeni. Wiki hiyo hiyo nikatumwa Molo kwa mashindano ya shule, mvua ikaanza saa nne, na waandishi wawili wenye biro za maana wakaja kunakili kwangu. Tangu hapo sikuwahi kwenda uwanjani bila penseli mbili, na daftari langu nililiweka ndani ya mfuko wa plastiki uliotoka na mkate. Siku hizi mifuko hiyo imepigwa marufuku. Mtajua wenyewe mtatumia nini.

Alinifunza pia mahali pa kusimama. Kwenye mbio za nyika, usisimame penye utepe wa kumalizia. Pale kila mtu yupo, na hakuna unachojifunza. Simama mita mia mbili kabla ya utepe, upande wa nje, uone nani amebakisha nguvu na nani anajidanganya. Mbio zikiisha usimkimbilie mshindi. Mshindi amezungukwa, na maneno yake unayajua kabla hajayasema, anamshukuru Mungu na kocha wake. Mtafute aliyemaliza wa nne. Huyo amekosa medali kwa hatua tatu, hana anayemsalimia, na atakueleza mbio zote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jina lake usiliandike wewe. Mpe penseli aliandike mwenyewe. Kwenye mpira, muulize golikipa. Golikipa ameona mchezo wote, na nusu ya wakati hana kazi.

Nasikia bado mnabishana mambo tuliyobishana sisi. Eti mwandishi ashangilie timu akiwa kazini? Mimi nilishangilia mara moja, nikamwaga chai juu ya daftari na sikuona nani alitoa pasi. Sikurudia. Eti ukubali chakula cha timu? Kula, ugali hauna kosa, lakini ukitoka hapo uandike kwamba walicheza vibaya kama walicheza vibaya. Eti uandike uvumi kwamba mkimbiaji fulani anatumia dawa za kuongeza nguvu? Mpaka uone karatasi ya maabara kwa macho yako, huna habari, una umbea. Haya yote nina majibu yake na siyaonei haya.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hatukubishana hata siku moja, kwa sababu sote tulikuwa tukilifanya. Tuliliita chama.

Mnajua chama cha akina mama, kila mmoja analeta chake na kila mmoja anapata zamu ya kubeba. Chetu kilikuwa cha matokeo. Jumamosi moja ingeweza kuwa na mpira Nakuru, voliboli Rongai na mbio Elburgon, na hakuna mhariri aliyekuwa na gari la kukuzungusha kote. Kwa hivyo tukagawana. Mimi nilichukua Nakuru. Mtangazaji mmoja wa redio alichukua Rongai. Elburgon alichukua Kariuki, mwandishi wa gazeti lingine, kwa sababu ni kwao. Saa kumi na moja jioni tunapigiana simu, kila mtu anasoma cha kwake na wengine wananakili. Jumatatu kila gazeti lilikuwa na viwanja vitatu, na chini ya kila habari kulikuwa na jina la mtu aliyekuwa kwenye kiwanja kimoja tu. Wasomaji walituona wachapakazi wa ajabu. Mzee mmoja wa Rongai aliwahi kuniuliza ninaendesha pikipiki ya aina gani.

Kariuki alikuwa rafiki yangu. Nasema mapema msije mkafikiri nina kinyongo naye. Alikuwa na kicheko ambacho ungekisikia ukiwa nje ya uwanja, na aliwajua wakimbiaji wa Elburgon na Molo kwa majina ya utotoni. Ukiwa na simu ya Kariuki, uliamini umekuwepo.

Jumamosi hiyo mimi nilikuwa Nakuru nikitazama mechi ambayo hata wachezaji walionekana kusubiri iishe. Hakuna aliyefunga, hakuna aliyekaribia. Elburgon kulikuwa na mbio za nyika za vijana. Ukungu wa msitu wa Mau ulikuwa umeshuka na mvua juu yake. Kariuki aliwatazama wavulana wakikimbia, akalowa hadi soksi, na wasichana walipojipanga yeye akaingia hotelini kunywa chai na chapati. Alipotoka, mbio zilikuwa zimekwisha. Akaenda kwenye meza ya waamuzi akanakili karatasi yao. Karatasi ilikuwa imelowa pia. Mstari wa mshindi wa tatu ulikuwa umefutika, kwa hivyo akampandisha wa nne. Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba kuna msichana aliyekata kona na ameondolewa, nambari themanini na nane. Wino ulikuwa umetiririka, naye akasoma thelathini na nane. Akatazama orodha ya majina. Thelathini na nane alikuwa msichana wa Kuresoi wa miaka kumi na saba, anaitwa Chelangat.

Hayo alinisomea kwa simu, maneno kama ishirini hivi. Mimi nilikuwa na nafasi ya maneno mia mbili, kwa kuwa mechi yangu haikuwa na kitu. Nikajaza. Nikiwa kwenye kiti changu Nakuru, na kikombe cha chai mkononi, niliandika kwamba Chelangat alionekana kuchoka mapema. Niliandika kwamba alipofika penye kona aliangalia nyuma mara mbili kabla ya kukata. Niliandika kwamba aliondoka uwanjani ameinamisha kichwa, machozi yakimtoka. Ile sentensi ya machozi niliipenda sana. Niliisoma kwa sauti, peke yangu, nikaona kweli mimi ni mwandishi. Kisha nikaweka jina langu.

Jumanne asubuhi mzee mmoja aliingia ofisini akiwa na gambuti zenye matope na gazeti letu lililokunjwa mara nne ndani ya koti.

"Nekesa ni nani hapa?"

"Ni mimi, mzee. Karibu."

Alinitazama kwanza. "Aa. Kumbe ni wewe, madam. Mimi naitwa Rono. Mimi ndiye baba ya Chelangat."

Nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Jumamosi mimi nilikuwa hapo Elburgon," alisema. "Nilisimama hapo kwa kona, na hiyo mvua yote. Sasa wewe, madam, ulikuwa umesimama wapi?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa upande wa meza ya waamuzi. Uongo ulitoka wenyewe, laini kabisa, bila kuombwa.

"Hiyo meza nilienda mara tatu," akasema. "Sikuona mama hapo." Alifungua gazeti akaweka kidole juu ya mstari. Hakupaza sauti hata kidogo. "Hapa umesema alilia. Huyu msichana yangu hakulia Jumamosi. Alitoka namba tatu, alikuwa anacheka tu. Alilia jana, akisoma hii gazeti."

Alinieleza yaliyobaki akiwa amesimama vile vile. Jumatatu gazeti lilifika shuleni, na kufikia saa ya chakula wanafunzi walikuwa wamempa Chelangat jina jipya. Walimwita Panya, kwa sababu ya panya route, zile njia za vichochoroni za watu wasiotaka kuonekana. Hilo angelivumilia. Shida kubwa ilikuwa kambi. Kulikuwa na kambi moja ya mazoezi iliyochukua wasichana wachache, ikiwasomesha huku ikiwafunza kukimbia, na kocha wake alikuwa amemwahidi Chelangat nafasi akimaliza ndani ya tatu bora. Kocha huyo hakuwa Elburgon. Matokeo rasmi yalichukua wiki mbili kupigwa chapa na kutumwa, na orodha ya kambi ilikuwa inafungwa Ijumaa. Kitu pekee kilichokuwa mezani kwa kocha ni habari yangu.

"Amesema hawezi chukua mtoto mwizi wa mbio," mzee Rono alisema. "Amesema nilete gazeti ingine inasema tofauti. Sasa madam, mimi sina gazeti. Wewe ndio uko na gazeti."

Akakunja lake mara nne, akaliweka ndani ya koti, akaenda kungoja nje kwenye ngazi.

Nikampigia Kariuki. Kwanza alicheka. Halafu akasema nimpe saa moja, akaenda hadi nyumbani kwa mwamuzi aliyekuwa na ile karatasi. Alipopiga tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nekesa, ni eighty-eight. Karatasi imekauka, inaonekana poa kabisa. Huyo msichana alikuwa number three." Nikasikia akivuta pumzi. "Sasa sikia, na usinikatize. Mambo ya chama usiyaguse. Wewe sema ni printer. Watu huelewa mambo ya printer."

Nyinyi hamjui raha tuliyokuwa nayo na mtambo wa kuchapa. Ulitubebea dhambi zetu zote. Mtu akiandikwa jina la jirani yake, ni hitilafu ya uchapaji. Timu ikipewa pointi za timu nyingine, ni hitilafu ya uchapaji. Yule refa niliyemwua kwa kalamu alifufuliwa na hitilafu ya uchapaji, mistari miwili, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mbegu za viazi. Mafundi wa mtambo walikuwa Nairobi na hawakuwahi kulalamika.

Kwa hivyo nikaandika masahihisho yangu kwa namna hiyo, nikampelekea Mzee Githinji. Aliyasoma. Akavua miwani.

"Mashine ilijuaje kwamba alilia?"

Nikaitazama penseli yangu.

"Nekesa, ulikuwa Elburgon?"

"Hapana, mzee."

"Nani alikuwa?"

"Kariuki. Lakini hata yeye alikuwa hotelini."

Nilingoja anifokee. Nilitamani anifokee, ingekuwa nafuu. Alibaki akifuta miwani kwa pindo la sweta. "Hata sisi tulikuwa na chama," akasema hatimaye. "Tulikuwa tunatumia simu ya posta. Lakini machozi hatukuwa tunaweka." Kisha akanirudishia karatasi yangu. "Kesho uende Kuresoi. Huyo mtoto umeandika juu yake na hujawahi kumwona. Umwone kwanza."

Nilimwambia mzee Rono, pale kwenye ngazi, atangulie nyumbani. Jumatano nilipanda hadi Molo, kutoka Molo hadi Kuresoi, na kutoka hapo nikatembea. Chelangat alikuwa shambani akichimba viazi na mama yake. Hakuwa ameenda shule tangu Jumatatu. Nilipomwambia mimi ndiye Nekesa alipangusa mikono kwenye sketi, akanisalimia kwa heshima yote, akanitafutia kigoda. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Sikuwa nimejiandaa kwa kigoda.

Alirudi kuokota viazi. Halafu akaniuliza, akitazama viazi, "Madam, kwani mimi nilikukosea wapi?"

Mnaelewa alichokuwa akiuliza? Siku tatu msichana huyo alikuwa akijikuna kichwa akitafuta ni lini alinikosea, ni jamaa yangu yupi aliyemshinda kwenye mbio, ni salamu gani hakuniitikia. Haikumwingia akilini kwamba mtu anaweza kumwandika hivyo mtu ambaye hamjui kabisa, ili kujaza nafasi. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kabla wala baada ya siku hiyo. Nikamwambia hakunikosea mahali popote. Nikamwambia sikuwepo. Mama yake aliacha kuchimba akanitazama.

Ndipo nikaona miguu ya Chelangat. Kuanzia magoti kushuka chini ilikuwa imejaa mikwaruzo, mingine imeanza kukauka. Nikamuuliza. Akanieleza kwamba ile kona ilizunguka kichaka cha miiba, na kila aliyezunguka alikwaruzwa. Aliyekata alipita kwenye nyasi, akatoka safi. Nikatoa penseli nikayaandika hayo yote, ile mikwaruzo na ile miiba, na kumbukeni hilo lilikuwa jambo la kwanza kuhusu mbio hizo ambalo nilikuwa nimeliona kwa macho yangu mwenyewe.

Niliporudi nilipitia Elburgon kuitazama karatasi ya mwamuzi. Kariuki alikuwa akiningoja nje ya kiwanda kimoja cha mbao, mikono mifukoni.

"Utaandika?"

"Nitaandika."

"Nekesa, watanifuta. Niko na watoto watatu."

"Mimi nina wawili."

"Basi weka jina yako pekee."

Hilo nilimkubalia. Mpaka leo waandishi wenzangu wamegawanyika juu yake. Wako wanaosema ningemtaja, wako wanaosema hata nisingegusia kwamba kulikuwa na mtu mwingine. Mimi nasema kosa lililokuwa limemuumiza mtoto lilikuwa na jina langu chini yake, na machozi hayakutoka kwa Kariuki. Niliandika hivi: Jumamosi sikuwa Elburgon. Niliandika kama mtu aliyekuwepo. Nilielezwa matokeo kwa simu, na yalikuwa na makosa. Chelangat hakukata kona. Alizunguka kichaka, miguu yake ina alama, na alimaliza wa tatu. Hakulia. Machozi niliyatunga mimi.

Mzee Githinji hakubadilisha neno. Alikataa kuipeleka chini ya tangazo la mbegu. Aliiweka juu kabisa ya ukurasa wa michezo wa Alhamisi, mahali pale pale ilipokuwa ile ya kwanza na kwa herufi za ukubwa ule ule. Makao makuu walipiga simu kabla ya saa tatu asubuhi. Nilimsikia akiwaambia, "Nilisoma. Nilipitisha. Kama kuna mtu wa kulaumiwa zaidi, niko hapa." Wakaliondoa jina langu kwenye ukurasa kwa msimu mzima. Nikawa nahesabu pointi za mpira wa vikapu bila jina, na wenzangu wakipita mezani kwangu wanakohoa.

Mzee Rono alikuja kuchukua nakala mbili za gazeti hilo. Nikamuuliza ya pili ni ya nini. "Moja ikinyeshewa," akasema. Ijumaa alizipeleka kambini mwenyewe. Jioni nikapokea simu kutoka nambari nisiyoijua. Sauti ya mzee Rono ikasema, "Amechukuliwa," na simu ikakatika. Nililia pale mezani, machozi ya kweli kabisa, na hakuna aliyeyaandika.

Kariuki hakuponea. Mhariri wake aliisoma habari yangu, akahesabu kwa vidole nani huwa Elburgon siku za Jumamosi, na mwisho wa mwezi akamwachisha kazi. Miaka sita hatukusalimiana. Iliniuma, na inaniuma bado nikiikumbuka, kwa sababu nilikuwa nimempoteza rafiki kwa kosa ambalo sehemu kubwa lilikuwa langu. Akaingia biashara ya mbao akafanikiwa kutushinda wote. Nilipojenga nyumba yangu nilienda kwake bila kujitangaza. Alinichagulia mbao mwenyewe, moja moja, akizigeuza kutazama kama zimepinda. Hatukutaja gazeti. Tukanywa chai, na akacheka kile kicheko chake.

Sasa mnaniambia siku hizi mambo yamebadilika, kwamba mechi inaonekana kwenye simu, kwamba kuna mashine ya kukuandikia habari ukiipa matokeo tu. Najua. Nina simu kama nyinyi na macho yangu bado yako sawa. Lakini kamera inamfuata anayeongoza. Haimtazami aliye wa thelathini akivuka tope, haioni mwamuzi akipangusa karatasi kwa kiganja. Na chama chetu hakikufa, kimehamia WhatsApp tu, na sasa kina wanachama mia mbili. Siwakatazi kugawana matokeo. Ningewakataza ningekuwa mnafiki. Ninachowaambia ni kitu kidogo, neno moja. Kama ulielezwa, andika "nimeelezwa." Kama uliona kwenye simu, andika uliona kwenye simu. Neno hilo halimpunguzii mtu wasomaji, nimelitumia miaka kumi na mitano na walinisoma hadi siku niliyostaafu. Na ukijikuta unaandika kuhusu machozi, simama kwanza ujiulize ulikuwa umbali gani.

Watu huniuliza kama Chelangat alikuja kuwa bingwa. Wanataka habari iishie na bendera. Hapana, hakuwa bingwa. Alimaliza shule akiwa kambini, akakimbia misimu kadhaa, akashinda mbio chache za kiwango cha kadiri, na leo ni mwalimu huko Molo. Msimu jina langu liliporudi kwenye ukurasa nilikwenda kuziona mbio zake kila nilipoweza. Nilisimama mita mia mbili kabla ya utepe, upande wa nje, na penseli yangu.

Kuna mbio moja hapa Nakuru ambayo kila mtu alitarajia ashinde. Nilimwona akija. Mabega yalikuwa yamepanda hadi masikioni na hatua zimefupika, na wasichana wadogo walikuwa wakimpita mmoja mmoja. Nikahesabu. Alikuwa wa kumi na moja.

Kabla sijafunga daftari meneja wa timu yake alikuwa ameshafika karibu nami, kijana msafi mwenye miwani ya jua.

"Mathe, sasa. Hiyo ya Chelangat andika tu alikuwa na injury. Goti. Sponsor wanasoma hizi vitu, si unajua."

"Goti lipi?"

"Eh, weka tu ya kushoto."

Chelangat alikuwa amesimama nyuma yake, viatu mkononi, akihema. Sikuwa nimemwona akija. Alimpita meneja akaja hadi mbele yangu, akaangalia kwanza daftari, halafu mimi.

"Sijaumia, madam," akasema. "Goti yangu iko sawa. Leo nimeshindwa tu. Wewe umeniona?"

"Nimekuona. Kuanzia kilima cha pili ulikuwa umeisha."

"Ni hapo hapo. Kilima ya pili." Akatikisa kichwa, akanishika mkono kwa mkono wake uliolowa jasho. "Basi andika nimeshindwa."

Nikaandika.